Daftari la Wachumba Sugu

Jumatatu, 15 Julai 2024

Baridi ya Iringa haina adabu. Jana nimetoka nyumbani Chimala nimevaa kama mtu wa Chimala, dera na mtandio mwepesi. Nilipoteremka tu kwenye basi, mama mdogo Shufaa alinitazama mara moja akasema twende kwanza mitumbani, salamu baadaye. Kwa hiyo leo nimeripoti kazini nikiwa na koti la kiume lenye nembo ya timu nisiyoijua, mikono imenipita vidole. Mlinzi aliniuliza kama nimeleta mzigo.

Hapa ndipo nitakapofanya mafunzo yangu ya likizo, wiki nane. Ni kituo kinachotoa msaada wa sheria bure kwa watu ambao haki zao zimekanyagwa na hawana wakili. Kina vyumba vitatu, birika moja na mafaili mpaka dirishani. Tuliomba nafasi wanafunzi themanini na zaidi, tumechukuliwa wawili, mimi na Jofrey wa Mbeya mjini, kijana mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema.

Bosi wetu ni Wakili Frida. Ni mfupi, miwani ameining'iniza kwa kamba ya kiatu, na hapandishi sauti kamwe. Ametupa fomu ya kumhoji mteja, kurasa mbili. Kila jibu lina kisanduku pembeni kimeandikwa "Chanzo cha taarifa". Mteja akikwambia, unaandika mteja. Ukiona hati, unaandika hati. "Ukikisia," alisema, "weka kalamu chini."

Nikaona ni maneno ya kawaida tu ya mabosi.

Jumanne, 16 Julai

Nimepanga mafaili. Nimepiga chafya.

Alhamisi, 18 Julai

Baba amepiga simu. Muhidini mwenye mpunga wake haelewi kwa nini bintiye akae kwenye baridi la watu kufanya kazi isiyo na mshahara wakati ghala lake liko wazi na wakulima wamepanga foleni. Yuko wakili anamjua Mbeya, ana ofisi yenye vigae, ningeweza kwenda huko. Nikamwambia ofisi yenye vigae haikunichagua kati ya watu themanini. Akasema haya, wakili wa watu, na wewe usipate homa ya mapafu.

Jumatatu, 22 Julai

Leo nimempata mteja wangu wa kwanza na nimejivuna siku nzima kama jogoo.

Anaitwa mama Apolonia, ametoka Kilolo, ameondoka kwao alfajiri. Ni mwanamke mwenye miaka kama hamsini na mitano, viganja vigumu, kitenge kimefungwa vizuri, rozari shingoni. Nilimwamkia kwa "kamwene", salamu ya Kihehe niliyofundishwa na mama mdogo asubuhi, akacheka kidogo, akaniitikia kwa heshima zote kama vile nimesema vizuri.

Habari yake ni hii. Mumewe, Crispin, alifariki Oktoba mwaka jana. Wameishi pamoja tangu mwaka 1994 kwenye nyumba waliyojenga wenyewe, na nyuma yake kuna shamba la mipaini waliyoipanda wawili, sasa imekomaa. Watoto hawakujaliwa. Baada ya matanga shemeji yake Edmund, mdogo wa marehemu, alikaa kimya miezi kadhaa, kisha mwezi wa tano akaja na maneno mapya, kwamba Apolonia hakuwa mke. Ati aliletwa pale kumuuguza mama yao mzazi, mama akafa, yeye akabaki. Anataka aondoke kabla mvua za kwanza hazijanyesha, yaani kabla ya Novemba, ili avune mipaini.

Sijawahi kusikia ufidhuli wa namna hiyo. Nilikuwa naandika kwa hasira. Nilipofika kwenye hali ya ndoa nikatazama ile rozari, nikamwuliza, "Kanisa gani, mama?" Akanitajia parokia. Nikaandika: Ndoa ya kanisa, 1994. Chanzo cha taarifa: mteja mwenyewe.

Wakili Frida akaandika malalamiko kutokana na fomu yangu, yapelekwe Baraza la Kata. Siku hizi baraza halihukumu tena mambo ya ardhi, linasuluhisha tu. Wakipatana wanasaini na mambo yameisha, wasipopatana mtu anaanza safari ndefu ya wilayani. Na mawakili hawaruhusiwi kusimama pale kumsemea mtu. Mama Apolonia atajisemea mwenyewe.

Alhamisi, 25 Julai

Upepo umeng'oa bati moja la choo. Jofrey amelirudisha kwa mawe matatu, na amelitangaza jambo hilo mpaka chai ya saa kumi.

Jumanne, 30 Julai

Majibu ya Edmund yamefika barazani, na nakala tumeletewa. Mistari mitano, mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika. Anasema hana ubishi na mtu. Kama bibi huyu aliolewa kanisani na kaka yake, alete cheti. Asipoleta, basi malalamiko yake yameanza kwa uongo, na mwongo wa jambo moja ataaminiwa vipi kwa mengine?

Nimesema kwa dharau kwamba cheti ni kazi ya nusu saa. Kesho kutwa tunakwenda parokiani.

Alhamisi, 1 Agosti

Hakuna cheti.

Tumefungua kitabu cha ndoa cha mwaka 1994, cha 1993, cha 1995, mpaka cha 2000. Katekista mmoja mzee, Dastan, alikuwa anatufungulia kurasa taratibu, kama mtu anayejua mwisho wa hadithi lakini anaona haya kuusema. Mwishowe Jofrey, ambaye ni Mlutheri na kidogo anajua mambo ya makanisa, akamwuliza kama huyu Apolonia anamfahamu. Mzee akavua kofia. "Namfahamu sana," akasema. "Lakini hao humu hamtawakuta. Hao walikuwa wachumba sugu."

Mimi binti wa Kiislamu wa Chimala nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo. Katekista akanieleza kwa upole. Ni watu wanaoishi kama mume na mke bila kufunga ndoa kanisani. Hawafukuzwi, wanasali, wanachangia, wanazika wenzao, lakini hawapokei Komunyo. Na kila Desemba katibu wa jumuiya, lile kundi la nyumba jirani wanaosali pamoja, anaandika orodha yao kwenye daftari na kulipeleka kigangoni, kanisa dogo lililo chini ya parokia, ili Padri ajue nani wa kumhimiza.

Daftari hilo analo katekista mwenyewe. Akalitoa kabatini, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, akatuonyesha bila kulitoa mkononi. Desemba 1996: Crispin na Apolonia, wanaishi kama mume na mke, hawajafunga. Desemba 1997, vilevile. 1998. Nilisoma mpaka macho yakauma. Miaka na miaka, mstari uleule, na chini yake saini iliyokorogwa ya katibu.

Kwa nini hawakufunga? Katekista alisema Crispin hakuwa mtu mbaya. Kila mwaka alikuwa anasema, tukivuna tutafunga. Wakavuna mara ishirini na tisa.

Ijumaa, 2 Agosti

Siku mbaya.

Nilimweleza Wakili Frida kila kitu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alichukua fomu yangu, akaweka kidole kwenye kile kisanduku, akaniuliza: "Uliuliza, au ulijaza?"

Nilitaka kusema niliuliza. Kisha nikakumbuka nilichouliza hasa. Niliuliza kanisa gani. Sikumwuliza kama alifunga. Nilimwona ana rozari nikamwozesha mwenyewe, pale pale kwenye kiti, kwa kalamu ya ofisi.

Sasa malalamiko yaliyokwenda barazani yana uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu. Wakili Frida anasema yanaweza kurekebishwa kabla ya usuluhishi, Septemba 4. Tena anasema kisheria Apolonia hajaharibikiwa. Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja zaidi ya miaka miwili, na watu wakawachukulia kuwa mume na mke, sheria inaanza na dhana kwamba ni mke na mume, na anayepinga ndiye athibitishe kuwa si hivyo. Anachohitaji ni ushahidi wa jinsi jamii ilivyowachukulia.

Na ushahidi tunao. Lile daftari. Nilirudi Mlandege kwa mama mdogo nikaoga maji ya moto na nikalia kidogo, halafu nikala chapati tatu.

Jumatatu, 5 Agosti

Tumekwenda Kilolo kwa mama Apolonia. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, milango ya bluu, mipaini nyuma imesimama wima inanuka vizuri. Alitupa viazi vya kuchemsha na chai. Nilipomwambia tumeona daftari aliweka kikombe chini na uso wake ukafungwa.

Niliomba radhi. Nilisema kosa ni langu, nilijaza nisichoambiwa.

"Uliniuliza kanisa gani," alisema. "Hukuniuliza kama nilifunga. Miaka yote hii mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kunikosea hivyo, kunidhania nimefunga. Nikaona, acha leo niwe nimefunga."

Jofrey, ambaye huwa hakosi neno, alikuwa anahesabu viazi.

Kisha mama akakataa. Kabisa. Daftari lile lisisomwe mbele ya watu. Miaka yote alikaa benchi la nyuma, wenzake wakipanga mstari wa Komunyo yeye anainamisha kichwa kutafuta kitu kisichokuwepo kwenye mkoba. Sasa aende barazani mwenyewe aombe aibu yake isomwe kwa sauti? Afadhali Edmund achukue mipaini.

Tukarudi bila kitu. Nilikuwa na hasira naye, sioni haya kuandika. Nilijisemea huyu mama atapoteza nyumba kwa ajili ya maneno ya watu. Halafu njiani nikajiuliza mimi mwenyewe nimevaa lile koti mara ngapi tangu mlinzi anicheke. Mara moja.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Baba yuko Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima, ametuma picha yake amesimama na ng'ombe mkubwa kuliko gari letu. Alipiga kuuliza kesi ya yule mama inaendeleaje. Sikumbuki kumwambia, kumbe mama mdogo Shufaa anapeleka habari Chimala kila jioni. Nikamweleza. Akasema kwenye biashara ya mpunga mtu akikataa kufungua gunia lake usimfungulie, kaa naye mpaka afungue mwenyewe.

Jumatatu, 12 Agosti

Wakili Frida amerekebisha malalamiko. Yanasema sasa: "waliishi pamoja kama mume na mke." Nimeyapeleka barazani mimi mwenyewe. Yule karani alisoma, akanyanyua nyusi, akagonga muhuri.

Jumamosi, 17 Agosti

Si siku ya kazi lakini nimekwenda Kilolo, peke yangu, bila fomu wala kalamu. Nilimkuta mama Apolonia anapiga maharage kwa fimbo uani. Akanipa fimbo ya pili. Nina malengelenge manne na siwezi kushika kijiko.

Tulizungumza mengi ambayo hayahusu kesi. Aliniuliza sisi Waislamu ndoa tunafungaje, nikamweleza habari ya mahari, walii anayemwozesha binti, na mashahidi wawili. Akasema mashahidi wawili tu? Yeye kijiji kizima kilishuhudia na bado ni mchumba. Tukacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia Crispin alikuwa mpole, mvivu wa mambo makubwa, hodari wa mambo madogo. Kila asubuhi ya baridi alikuwa anampashia maji kabla hajaamka. Anaikumbuka sauti ya sufuria.

Nilikuwa naaga ndipo aliponiuliza, bila kunitazama, "Hilo daftari linasema miaka mingapi?"

Nikamwambia ishirini na saba, tangu lilipoanza mpaka mwaka juzi. Wa mwaka jana ulikuwa ukurasa mwingine, sikuufikia.

"Mingi," alisema. "Sijawahi kuihesabu." Akarudi kwenye maharage yake.

Ijumaa, 23 Agosti

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Joto limeanza kurudi mchana, mama mdogo amelifua koti.

Jumatano, 28 Agosti

Katekista Dastan amepiga simu ofisini. Mama Apolonia amekwenda kwake, akamwomba Septemba 4 aje barazani na daftari. Wakili Frida aliweka simu chini akavaa miwani, akavua, akavaa. Kisha akauliza kama tumwandalie mama maneno ya kusema. Nikajibu kabla sijafikiri kwamba hapana, maneno anayo.

Jumatano, 4 Septemba

Naandika haya nikiwa bado na vumbi la Kilolo miguuni.

Baraza la Kata linakaa kwenye chumba kimoja cha ofisi ya kata, madirisha mawili, wajumbe sita nyuma ya meza mbili, watatu kati yao akina mama. Wakili Frida, Jofrey na mimi tulikaa benchi la nyuma kama wageni wa msibani, midomo imefungwa kisheria. Watu wa kijiji walikuja, wengine walisimama mlangoni.

Edmund nilikuwa sijawahi kumwona. Nilikuwa nimemchora kichwani mtu mnene mwenye macho ya mwizi. Kumbe ni mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na alimwamkia mama Apolonia kwa kumwita shemeji. Ulimi umezoea. Mjumbe mmoja mama aliinua kichwa aliposikia.

Aliongea kwanza yeye, vizuri na kwa utulivu. Marehemu hakuoa. Huyu bibi aliletwa kumuuguza mama yao, wanamshukuru, lakini shukrani si shamba. Cheti hakuna.

Mama Apolonia akasimama. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Alisema kwa sauti ndogo kwamba cheti kweli hakuna, na kama kuna karatasi imesema alifunga kanisani, karatasi hiyo ilikosea. Niliona haya, na hapo hapo nikampenda. Kisha akasema lakini kuna karatasi nyingine, akamwita katekista.

Mzee Dastan akaja mbele, akafungua ule mpira wa baiskeli. Mwenyekiti akamwambia asome. Lakini mama Apolonia akamwomba daftari, akalichukua kwa mikono miwili, akavuka chumba akaliweka mbele ya Edmund.

"Soma wewe, shemeji," alisema. "Mwandiko ni wako."

Nilimtazama Wakili Frida, naye akanitazama, na niliona kwamba hata yeye hakujua. Ile saini iliyokorogwa niliyoiona mara ishirini na saba ilikuwa ya Edmund. Miaka yote hiyo yeye ndiye katibu wa jumuiya. Kila Desemba alikuwa anakaa mezani kwake, anaandika dhambi ya kaka yake kwa mwandiko mzuri na kuipeleka kigangoni. Kijiji kizima kilijua, mama Apolonia alijua, katekista alijua. Ni sisi wasomi tu ambao hatukuuliza.

Edmund alitaka kukataa, akasema hakuleta miwani. Mjumbe mmoja akamwazima yake.

Akasoma. "Desemba 1996. Crispin na Apolonia. Wanaishi kama mume na mke. Hawajafunga." Akafunua. "Desemba 1997. Crispin na Apolonia. Wanaishi kama mume na mke." Alipofika 2003 sauti ilikuwa imeshuka, akataka kuruka kurasa, yule mjumbe mama akasema, "Endelea, mzee Edmund, tunasikia." Akaendelea. Watu wa mlangoni walianza kuhesabu kimoyomoyo, niliona midomo yao. Mama Apolonia alikuwa amesimama palepale, kichwa juu, hatafuti kitu kwenye mkoba.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Desemba mwaka jana, ule nisioufikia. Edmund aliutazama muda mrefu. Mwenyekiti akamwambia asome na huo.

"Crispin amefariki," akasoma. "Apolonia, mjane wake. Hana kizuizi tena. Arudishiwe Komunyo."

Alivua ile miwani ya kuazima. Mama Apolonia alikuwa hajui hilo. Alisema polepole kwamba Pasaka iliyopita Padri alimwita mstari wa mbele, akadhani ni Padri mwenyewe aliyemkumbuka.

"Ni mimi niliyeandika," Edmund akasema. Kisha, huku analifunga daftari, "Mipaini ilinipa tamaa."

Walisaini saa saba na nusu. Nyumba na shamba vinabaki kwa mjane, na familia ya marehemu haitamsumbua tena. Edmund alisaini kwa ile saini yake iliyokorogwa, safari hii niliitambua. Nje, Jofrey alinipiga begani mpaka nikayumba. Mama Apolonia alinishika mkono wenye malengelenge yaliyokauka, akasema, "Umeona, mwanangu, hata dhambi ina faida ikiandikwa vizuri."

Alhamisi, 5 Septemba

Nimelala mpaka saa mbili. Nimechelewa kazini. Hakuna aliyesema kitu.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku ya mwisho. Jofrey ameacha koti lake, mimi naondoka na langu ingawa Chimala litanitoa jasho. Baba ananisubiri, ameshatangaza ghalani kwamba wakili wa watu anarudi, na wakulima wawili wana maswali.

Wakili Frida amesaini fomu ya chuo bila kunionyesha alichoandika. Akaniambia nafasi za mwakani wanaanza kupokea maombi Machi, nisingoje mpaka wafike themanini. Kisha akanipa faili la mama Apolonia, akasema kabla halijafungwa nirekebishe fomu yangu.

Nimekaa nalo kwenye meza ya dirishani. Nilikata kwa mstari mmoja: Ndoa ya kanisa, 1994. Juu yake nikaandika: Mjane. Nikahamia kwenye kile kisanduku cha pembeni, chanzo cha taarifa, nikakata "mteja mwenyewe", na kwa mwandiko wangu bora kabisa nikaandika: shemeji yake.